Nauli umelipa, sahani bado!

Msomaji wangu, ukiwa umeshika tiketi mkononi, hebu niambie: umenunua nini? Wengi watajibu haraka haraka, "Nimenunua safari." Sawa. Lakini safari ina mambo mengi ndani yake. Kuna kiti, kuna mzigo, kuna usingizi, halafu kuna tumbo. Hilo la mwisho ndilo langu leo, maana tumbo halina likizo. Hata ukalie kiti cha waziri, ikigonga saa saba mchana litakudai chake, na hapo ndipo mtu anapotambua kwamba nauli kweli kalipa, ila sahani bado.

Sisi watu wa Mbeya jambo hili tunalijua vizuri kuliko wengi, kwa sababu kwetu ni mbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800 za lami, na hakuna anayekwenda mwendo huo kwa kumeza mate. Kila anayetoka Uyole au Mwanjelwa kwenda mahali ameshapiga hesabu mbili: ya nauli na ya kula njiani.

Chukua treni ya TAZARA. Reli ile ilijengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, na stesheni yetu iko nje kidogo ya mji, njia ya Tunduma. Kila nilipopanda treni ile utaratibu ulikuwa huo huo: nauli ni ya kiti au kitanda, chakula kando. Behewa la chakula lipo, lina meza na viti, na mhudumu anapita kwenye mabehewa na daftari lake: "Wali kuku, wali samaki, ugali nyama, nani anaagiza?" Mwenye nazo anaagiza, analetewa mpaka kitandani kwake. Sisi akina kajamba nani tunageukia dirishani.

Na dirisha la TAZARA, bwana, ni hoteli inayojitegemea! Treni ikisimama Makambako, mabeseni yanakuja mbio: mahindi ya kuchemsha, viazi, mayai, chai kwenye chupa. Mlimba kuna ndizi na wali. Ifakara kuna samaki wa kukaanga, na ukichelewa kuchagua, treni inaondoka na chenji yako inakimbizana nawe kwenye kokoto. Ukishapita Kisaki unaingia porini, na porini hakuna mnada. Twiga anakuangalia tu, hauzi mahindi. Asiyenunua mapema atarudi kwa yule mhudumu wa daftari na atalipa bila kubishana.

Nataka ulishike hilo jambo la dirisha, kwa sababu ndilo kiini cha habari yangu. Mhudumu wa daftari hawezi kupandisha bei ya wali kuku anavyotaka, maana anajua stesheni inayofuata kuna mama mwenye beseni. Beseni lile ndilo mkaguzi wa bei. Halina ofisi, halina muhuri, lakini linafanya kazi kuliko makamishna wengi.

Haya yote yalinirudia majuzi nilipokwenda Matema na binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kijana huyu ni mhudumu wa mezani kwenye meli moja kubwa ya watalii, zile zinazozunguka bahari kama mtaa wa ghorofa uliokatika ukaelea. Anakaa huko miezi mingi, halafu anarudi nyumbani kupumua. Safari hii alirudi na viatu vyeupe na njaa ya ndizi.

Tulipanda kosta ya Kyela asubuhi. Pale Uyole tukaiacha barabara kuu ya Dar, tukapanda mpaka Isyonje kwenye baridi yake, tukaanza kuteremka kuelekea Kiwira. Wanaoijua njia ile wanajua: gari likisimama Kiwira, madirisha yote yanageuka kijani. Ndizi za kila aina, parachichi, karanga za kuchemsha. Binamu alinunua mkungu mzima kwa mama mmoja na kumwambia "ndaga fijo", mama akacheka, akamwongezea ndizi tatu za mkononi.

"Kaka, unaona hizi tatu?" akaniambia huku anamenya. "Kule kwetu kazini hakuna hata moja ya hivi. Kule kila kitu kina karatasi."

"Si ulisema kule chakula bure?" nikamuuliza. "Ulituambia watu wanakula mpaka wanasahau majina yao."

"Bure, ndiyo. Ila kuna bure ya kwanza na bure ya pili."

Akaanza kunieleza, kosta nzima ikatega sikio. Mtalii akikata tiketi ya meli zile, nauli yake ina chumba, ina ukumbi mkubwa wa chakula wenye vitambaa vyeupe, na ina ile sehemu ya kujipakulia mwenyewe, asubuhi hadi usiku. Hiyo ndiyo bure ya kwanza, na si bure bali imo kwenye nauli. Lakini humo humo melini kuna migahawa mingine midogo, yenye taa hafifu na viti laini. Mmoja wa nyama ya ng'ombe tu, mwingine wa Kiitalia, mwingine wa Kifaransa, mwingine wa Kijapani ambako mpishi anarusha yai juu na kulidaka kwa kofia huku mnampigia makofi. Huko hauingii kwa nauli yako. Unalipia kwa kichwa, au unalipia kila sahani, kisha juu yake wanaongeza asilimia 18 au 20 ya huduma. Na soda na bia navyo vina bei yake.

"Tuseme ni dola 50 kwa kichwa," akasema binamu. "Weka asilimia 20, ni dola 60."

Nilipiga hesabu pale pale kwenye kosta. Tukikadiria dola moja shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, chakula kimoja cha jioni. Mke na mume ni 300,000. Kwa pesa hiyo hapa Mbeya unachinja mbuzi, unaita majirani, na ngozi unabaki nayo. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu akauliza kwa upole, "Mwanangu, na hiyo nauli ya kwanza wanarudishiwa?" Binamu akacheka. "Hapana, mzee. Nauli iko pale pale."

Swali la mzee yule lilinikaa kichwani, kwa sababu zamani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1905 kampuni moja ya Kijerumani ya Hamburg ilianzisha meli ya Amerika, na ndani yake ikaweka mgahawa wenye jina la Ritz, bwana wa mahoteli makubwa ya Ulaya, ambamo abiria alichagua sahani aitakayo na kulipia mwenyewe. Titanic nayo, ile iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na mgahawa wa kulipia kando kwa ajili ya abiria wa daraja la kwanza, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Na pale Titanic, abiria aliyeamua kula huko safari nzima alipunguziwa nauli. Yaani kampuni ilikubali: wali wetu hukuula, basi chukua chenji yako. Hata matajiri wale waliohesabu lulu shingoni walihesabiwa na sahani yao.

Leo hesabu imegeuzwa. Umeshalipia ukumbi mkubwa, halafu ukienda kula kwingine unalipa tena, na ile sahani uliyoiacha ukumbini hakuna anayekurudishia. Halafu bei yenyewe ina mguu wa kupanda mlima. Kuna mgahawa unaoitwa Palo kwenye meli za Disney. Meli ya kwanza ya kampuni ile ilipoanza safari mwaka 1998, kuingia Palo kulikuwa dola 5 tu, kama ada ya huduma. Leo ni kama mara kumi ya hapo. Kilichoanza kama asante ya mhudumu kimekuwa bei kamili.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba haya ni ya mbali yasiyotuhusu. Ile Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika unaijua? Ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Basi kiwanda hicho hicho cha Meyer, mji huo huo, ndicho kilichojenga Norwegian Dawn mwaka 2002, meli ya watalii ambayo mwaka 2024 ilitia nanga Dar es Salaam watu wakaenda kupiga picha. Ndani ya Norwegian Dawn kuna mgahawa wa nyama, wa Kifaransa na wa Kijapani, yote ya kulipia kando. Ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja alikuwa akibeba magunia ya dagaa na wachuuzi, mwingine amebeba wanaochagua kati ya bure ya kwanza na bure ya pili.

Tulipita Tukuyu na mvua yake isiyokata, tukashuka Kyela kwenye joto na mpunga, tukashika njia ya Ipinda mpaka Matema. Anayefika Matema kwa mara ya kwanza hunyamaza. Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja mpaka majini, kana kwamba ilikuwa inakimbilia kuoga. Akina mama wa Kikisi wanapanga vyungu vyao ufukweni. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja, tukala mbasa wa kuchoma na ugali, na bei tuliiuliza kabla samaki hajaguswa na moto. Hiyo ndiyo menyu ya Matema: unamwona samaki, unaulizia, mnakubaliana.

Pale ufukweni ndipo nilipomsimulia binamu habari za MV Songea. Enzi zile MV Songea na MV Iringa ndizo zilizokuwa zinatoka Itungi, pale Kyela, kwenda Lupingu, Manda, Liuli na kumalizia Mbamba Bay. Siku hizi wamejengewa MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Mimi niliipanda MV Songea mwaka 1996. Nauli haikuwa na chakula. Mle ndani kulikuwa na mahali pa kuuza wali na chai, na aliyetaka alilipa. Lakini meli ikisimama mbele ya kijiji, mitumbwi ilikuja kuishukia kama kumbikumbi. Humo mna samaki wa kuchoma, mihogo, mapapai. Unashusha pesa kwenye kikapu kwa kamba, unavuta chakula juu.

Karibu yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa anakwenda Manda na watoto watatu, kitambaa cha pesa amekifunga kwenye pindo la khanga. Nilimwona akikifungua mara moja tu safari nzima, pale Lupingu, akanunua mihogo ya kutosha watoto wote. Kwenye kile chumba cha wali hakusogea, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Hebu fikiri: kama nauli ya meli ile ingekuwa na wali kuku ndani yake, mama yule angesafiri? Asingesafiri. Angelipishwa kuku ambaye hakumhitaji, na nauli ingemshinda pale pale Itungi. Kumbe kutenganisha nauli na sahani kulikuwa huruma kwake. Aliyetaka wali alilipa wali, aliyetaka mihogo alilipa mihogo, na wote walifika Manda siku moja.

Binamu alinisikiliza mpaka mwisho, akachezea mchanga kidogo kwa kidole. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Kaka, usiulaani sana ule mgahawa wa kulipia. Mimi natumikia huko huko. Katika ile asilimia ya huduma, kuna sehemu inanifikia. Ada ya dada yako mdogo hapa nyumbani inatoka kwenye nyama ya watu wale."

Nikanyamaza. Ni kweli, shangazi yangu anamsomesha binti yake wa mwisho kwa pesa ya kijana huyu. Pesa ile imevuka bahari ikaingia kwenye daftari la shule ya Mbeya.

"Ila kuna kitu kinaniuma," akaendelea. "Mlangoni tunaweka menyu kwenye kioo. Usiku mmoja ilipita familia, baba, mama na watoto wawili. Watoto wakasoma, wakaanza kuchagua. Baba akasoma bei ya chini kabisa, akawaambia, 'Twendeni, huku wamejaa.' Na viti vilikuwa vitupu, kaka. Watoto waliviona. Mimi nilikuwa nimesimama pale na tabasamu langu la kazi."

Ndipo nikauelewa mwiba ulipo. Baba yule hakuwa na njaa, kwa sababu ukumbi mkubwa ulikuwa wazi. Alichokosa ni dirisha. Katikati ya bahari hakuna Makambako. Hakuna mama wa Lupingu na mtumbwi wake. Chakula cha kupika nyumbani hauruhusiwi kuingia nacho. Aliyekuuzia tiketi ndiye mwenye ukumbi, ndiye mwenye mgahawa, ndiye anayepanga bei ya soda, na wewe huwezi kushuka. Bei isiyo na mshindani haina haya, na anayebaki na haya ni baba wa watu.

Na wala usiende baharini kulitafuta jambo hili. Liko hapa hapa barabarani. Nimelikuta mara nyingi nikienda Dar kwa basi. Mnakuja vizuri, mnapita Ilula nyanya zimepangwa barabarani, mnapita Ruaha Mbuyuni vitunguu vinaning'inia, basi halisimami. Tumbo linalia. Kisha, mahali pasipo na kijiji wala duka, dereva anakata kona anaingia kwenye hoteli yenye uzio. Konda anapaza sauti: "Dakika kumi na tano! Kuchimba dawa na kula!" Chipsi kuku bei yake ukiisikia unauliza mara mbili, ukidhani muuzaji amekohoa. Nje ya uzio hakuna beseni, wachuuzi wamefukuzwa. Na dereva na konda wetu wako wapi? Wako chumba cha nyuma, wanamegewa mapaja, bila kulipa hata senti. Nani amelipia mapaja yale? Angalia bei ya chipsi zako utapata jibu.

Hoteli ile ni meli ya bahari kuu iliyoegeshwa nchi kavu. Dirisha limefungwa kwa makusudi, na aliyelifunga anakula bure.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu. Kulipia chakula kando si dhambi. Anayetaka nyama laini na taa hafifu na alipe, na kijana wangu apate chochote. Hata zile soda na biskuti za mabasi ya luxury yaliyoingia miaka ya 1990, tuliambiwa bure, lakini zilikuwa zimelala ndani ya nauli kama jongoo kwenye kuni. Dhambi ni kumfungia mtu dirisha kwanza, halafu ndiyo umwonyeshe bei. Mwenye chombo aliye muungwana anauza wali wake na kuliacha beseni lipite.

Basi wewe unayesafiri wiki hii, iwe kosta ya Kyela, basi la Dar au hiyo meli ya ghorofa ukijaliwa, uliza mambo matatu kabla hujatoa pesa. La kwanza, nini kimo ndani ya nauli? La pili, nini hakimo, na ile asilimia ya huduma imeshahesabiwa au itakuja mwishoni kama mgeni wa usiku? La tatu ni kubwa kuliko yote: nikikataa bei yenu, naweza kula wapi? Ukijibiwa "popote," panda bila wasiwasi. Ukiona mtu anababaika, funga kikapu chako nyumbani. Weka mayai ya kuchemsha, ndizi za Kiwira, chapati mbili na maji. Kama kikapu hakiruhusiwi, weka akiba ya pesa ya tumbo kando na ya nauli, na usiwaahidi watoto mgahawa kabla hujasoma bei yake wewe mwenyewe.

Na usione haya kufungua kikapu mbele za watu. Mtu anayekucheka kwenye basi kwa sababu ya kiazi chako, msubiri afike kwenye ile hoteli ya uzio. Utamwona anarudi taratibu, anakaa karibu yako, anakohoa kidogo, kisha anakuuliza habari za nyumbani. Mkatie nusu, wala usimtoze asilimia ya huduma.

Safari njema, na tumbo njema. Tukijaliwa, wiki ijayo.